Mzee, Ulikuwa Batalioni Gani?

Askari mzee hatafutwi. Ukifika Kibwezi na daftari mkononi ukauliza wanakokaa waliopigana vita, utapelekwa kwa chifu, na chifu atakupeleka kwa mzee mmoja ambaye kila mgeni mwenye daftari hupelekwa kwake. Mzee huyo atakusimulia yale yale, kwa mpangilio ule ule, aliyowasimulia waliokutangulia. Ni masimulizi mazuri, ila yameshapigwa pasi. Wengine, wale ambao hawajawahi kuulizwa na mtu, hukutwa tu: kwa fundi viatu karibu na steji, mlangoni kwa wakala siku ambayo pesa za Inua Jamii, ruzuku ya wazee, zimeingia, kwenye benchi la zahanati wakingoja dawa za presha.

Viatu ndivyo vinavyowasema. Kibwezi ni mji wa vumbi jekundu, na malori ya barabara ya Mombasa hayalipi nafasi ya kutulia. Ukimwona mtu aliyevuka miaka themanini, suruali ina kiraka lakini imenyooshwa, na viatu vinang'aa saa sita za mchana, kaa karibu naye. Usianze na vita. Anza na mvua, kwa kuwa huku Ukambani mazungumzo yasiyoanza na mvua ni ya watu wenye haraka. Ingia kwenye bei ya ndengu. Akishakuzoea, muulize: mzee, ulikuwa batalioni gani?

Nimejaribu maswali mengine. "Ulipigana vita gani?" humlazimisha atafute jibu kubwa, na watu wengi hawakupigana vita vikubwa, walichimba mitaro, walipika, walilinda daraja. "Uliwahi kuua mtu?", ambalo vijana hulipenda, humfunga mdomo, na ni haki yake. Lakini batalioni ni kwao. Akishaitaja, humo ndani mna sajini aliyemnyanyasa, mpishi aliyeunguza maharagwe, rafiki kutoka Kabarnet ambaye hajui kama bado yu hai. Mwombe namba ya kitambulisho cha taifa, atatoa kadi akuombe umsomee. Mwombe namba yake ya jeshi, ataitaja kwa pumzi moja, kwa Kiingereza, tarakimu moja moja.

Tuweke hesabu sawa. Kijana aliyeandikishwa mwaka 1942 akiwa na miaka kumi na minane leo angekuwa amevuka miaka 100. Watu wa vita vya Burma wamekwisha, au wamebaki wachache ambao hawatembei tena mpaka kwa fundi viatu. Askari mzee unayemkuta Kibwezi siku hizi ni mtu wa mwisho wa Keya, kama walivyoliita jeshi la King's African Rifles: aliyeingia miaka ya mwanzo ya 1960 na kuikuta bendera ikibadilishwa akiwa ndani ya sare. Nyuma yake wapo waliokwenda Namibia mwaka 1989 na Sierra Leone miaka ya 2000 chini ya Umoja wa Mataifa, lakini hao ni vijana wa miaka sitini. Wana vyama vyao, wana simu za kisasa, na hawahitaji mwandishi wa kuwasemea.

Hata hivyo huwezi kumwelewa huyu wa 1960 bila baba yake. Waingereza waliamini kuna makabila yaliyozaliwa kwa ajili ya bunduki, na Wakamba waliwekwa juu kabisa katika orodha hiyo. Mwanahistoria Timothy Parsons, aliyeandika kitabu kizima juu ya askari wa kawaida wa Keya, anaonyesha jambo ambalo bibi yeyote wa Makueni angemwambia bure: ushujaa wa kabila ulipanda na kushuka pamoja na hali ya mifuko. Palipokuwa na ukame, kodi, na hakuna mazao ya kuuza, vijana walijiandikisha. Penye kahawa na shule, "kabila la vita" lilipotea. Mshahara wa jeshi ulinunua ng'ombe, na ng'ombe walioa.

Ndiyo maana mwaka 1938 una uzito katika mazungumzo haya. Serikali ilipoamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikiwakamata ng'ombe na kuwauza kwa bei ya kutupa, Muindi Mbingu aliongoza umati wa watu mpaka Nairobi. Walipiga kambi wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana Brooke-Popham. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma juu ya mifugo. Ilikuwa na sababu ya kuogopa: jeshi na polisi vilijaa wana wa wenye ng'ombe wale wale. Mwaka mmoja baadaye vita vya Hitla vikaanza, na serikali ile ile ikarudi Ukambani kuomba vijana.

Kenya ilitoa watu karibu 98,000. Treni zilizowapeleka bandarini zilipita hapa hapa Kibwezi. Baadhi walipanda meli ya Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Ceylon. Tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi, ikazama ndani ya dakika chache na watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofika walitiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakasukuma kuteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua na malaria, mpaka wakauvuka mto Chindwin penye Kalewa mwezi Desemba mwaka ule. Vita vilipokwisha wakarudishwa nyumbani. Mwaka 2019 Al Jazeera ilitangaza nyaraka zilizoonyesha kwamba bahashishi ya kumaliza vita ilipangwa kwa rangi: Mzungu aliyetoka makoloni haya haya alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Na raia huyo mpya, aliyevuka Chindwin, alitakiwa atembee tena na kipande, kile kitambulisho cha kikoloni.

Mazungumzo ya kukutana tu yanaweza kumgeuza mtu. Waruhiu Itote, ambaye baadaye aliitwa Jenerali China wa Mau Mau, alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi alivyokaa na askari mmoja Mwingereza kule Burma, Mwingereza akamuuliza anapigania nini. Yeye Mwingereza alijua: alikuwa na nchi. Itote hakuwa na jibu, na kukosa jibu kulimsumbua mpaka msituni. Nalipenda tukio hili kwa sababu hakuna aliyemshukuru mwenzake. Mmoja aliuliza tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na sentensi inayoenea siku hizi kutoka Marekani. Wamarekani, kwa majuto ya namna walivyowapokea vijana wao kutoka Vietnam, wamejizoeza kumwambia kila mwenye sare au aliyewahi kuivaa kwamba wanamshukuru kwa utumishi wake. Sentensi hiyo imeshafika kwetu. Tarehe 14 Oktoba, siku ya KDF, jeshi la Kenya, utaiona kila mahali kwenye simu. Sina ugomvi na adabu. Shida ni kwamba shukrani ikitangulia, mazungumzo yamekwisha: mzee atajibu "haya, asante", na wewe utaondoka umeridhika, bila kujua umemshukuru kwa lipi.

Na hilo lipi halimezeki kirahisi. Wapo wazee wa Keya waliopelekwa milima ya Aberdare kati ya 1952 na 1956 kuwawinda Mau Mau. Kwa upande mwingine, wazee walipofungua kesi London mwaka 2009 juu ya mateso ya kambini, wawili kati ya walalamikaji wa mbele walikuwa na majina ya Kikamba: Ndiku Mutua na Paulo Nzili. Kesi yao ndiyo iliyofikisha serikali ya Uingereza mezani Juni 2013, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kabila moja, wilaya moja ya zamani ya Machakos, pengine ukoo mmoja, na watu pande zote mbili za senyenge. Mkute mzee kwenye benchi la zahanati umshukuru kwa "kuilinda nchi yetu". Ipi?

Nishani zenyewe zilijua hatari hiyo. Mfalme Charles alipokuja Nairobi, tarehe 1 Novemba 2023, alikwenda makaburi ya vita ya Kariokor akawakabidhi wakongwe wachache nishani mpya badala ya zile zilizopotea. Habari ilieleza kwamba baadhi yao walizitupa wenyewe wakati wa Mau Mau, maana kukutwa na sura ya mfalme ndani ya nyumba kulitosha kukuua. Mahali penyewe, Kariokor, panabeba jina la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914, ambao wengi wao hawakupewa nishani za kutupa.

Kwa mama mmoja wa upande wa Kikumbulyu, mjane wa mtu wa Burma, nilielezwa mwisho wa nishani kwa namna nyingine. Tulikuwa tunachambua mbaazi, na mimi nilikuwa sijauliza chochote.

"Mume wangu hakuivaa," alisema. "Watoto walimvisha mbuzi shingoni. Siku ya soko mbuzi akauzwa, na ile nyota ikaenda naye."

"Susu, alikasirika?"

"Alikasirikia bei. Alisema tungeongeza shilingi."

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akaniambia ambayo hayamo katika vitabu vingi vya vita: kwamba mume alirudi hawezi kulala ndani mvua ikinyesha, alitoka akakaa chini ya upenu wa ghala mpaka ipite, na kwamba yeye, mke aliyeolewa miaka mingi baada ya vita, alijifunza kutoka naye na blanketi. Nilipotaka kumshukuru kwa simulizi alinipa mbaazi nibebe.

Mzee wa viatu, yule niliyemkuta kwa fundi, alikuwa dereva. Aliingia Keya mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru, batalioni ya tatu. Tarehe 12 Desemba 1963 batalioni ile ile, kambi ile ile, ikaamka ikiitwa ya tatu ya Kenya Rifles. Nilimwambia asante, mzee, kwa kutulinda. Nilitaka kuona itakuwaje.

"Asante ya nini?"

"Ya kulinda nchi."

"Kijana, nilipoingia nchi ilikuwa ya Malkia. Nilipotoka ilikuwa ya Kenyatta. Mshahara ulibaki ule ule."

Fundi viatu alicheka, mzee hakucheka. Hilo la mshahara halikuwa mzaha mwaka 1964. Tarehe 24 Januari askari wa batalioni ya 11 waliasi kule Lanet, wakiuliza uhuru umeleta nini kwao, huku maofisa wakiwa bado Wazungu. Waasi walizimwa na jeshi la Uingereza, na batalioni nzima ikavunjwa. Mzee alikuwa na binamu humo. Alimtaja, akanyamaza, akaangalia soli yake ilivyoshonwa, akamwambia fundi arudie kisigino.

Baadaye alinieleza vita vyake. Wiki mbili hivi baada ya uhuru serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki, ambako Wasomali wengi walitaka eneo lao liungane na Somalia. Vita vilivyofuata, vya Shifta, viliendelea mpaka mapatano ya Arusha, Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi. Mzee aliviona kupitia kioo cha lori la Bedford. Alikumbuka mchanga, mapipa ya maji, na kuanzia 1966 mabomu ya kutegwa barabarani, ambayo yalimfundisha kuendesha juu ya alama za magurudumu ya aliyetangulia bila kutoka hata kwa upana wa kidole. Nilipotoa daftari alinizuia mkono. "Usiandike nilipigana. Andika dereva."

Tulizungumza pia juu ya karatasi, kwa sababu kila askari mzee hatimaye hufika kwenye karatasi. Bunge lilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022, na mzee alikuwa ameisikia redioni. Aliuliza kama inamfikia mtu aliyetoka jeshini kabla ya kutimiza miaka ya pensheni, kama yeye, anayeishi kwa shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi pale zinapokuja. Nilimsomea vifungu kutoka kwenye simu mpaka betri ikakaribia kwisha. Sidhani kama shukrani yoyote niliyowahi kumpa mzee wa jeshi ilipokelewa vizuri kuliko kusomewa sheria kwa sauti, polepole, na kurudia kifungu alichokishuku.

Karatasi ina maana zaidi unapofikiria ilivyokuwa bila hiyo. Saa mbili za basi kutoka hapa, penye Voi, kuna makaburi ya vita vya 1914 ambako majani hukatwa na majina ya Wazungu yanasomeka. Mbunge wa Uingereza David Lammy alikwenda huko na kamera, filamu ikatoka 2019, akionyesha Waafrika waliolala nje ya uzio, msituni, bila jiwe. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa katika vita vile inazidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaiona ndogo. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, wengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Wapagazi walichukuliwa kutoka Ukambani pia, wakatembea njia hizi hizi. Hakuna aliyebaki wa kuulizwa batalioni, na wala hawakuwa nayo.

Siku hiyo ya sheria na betri tulimalizia kwenye kibanda cha chai, pale barabara ya Kitui inapoiacha ile ya Mombasa. Tangu lami ifike mpaka Kitui, malori ya Garissa yanashuka moja kwa moja bila kuzunguka Nairobi, na kibanda kimepata wateja wapya. Kwenye meza yetu alikuwapo dereva Msomali wa miaka arobaini hivi, anakula chapati. Mzee alikuwa amefika kwenye mabomu ya barabarani katika masimulizi yake. Alitaja Garissa, akataja Mado Gashi. Yule dereva akaacha kutafuna.

"Mzee, shikamoo. Ulikuwa batalioni gani?"

Swali langu, kwa mdomo mwingine, halikuwa swali lile tena. Mzee alilijibu kama kawaida: batalioni, kampuni, mwaka. Dereva akahesabu kwa ndani.

"Mama yangu alikuwa kwenye kijiji cha senyenge. Elfu moja mia tisa sitini na saba. Ngamia wao walipigwa risasi."

Aliyasema bila hasira, kwa sauti ya kutoa anwani. Katika miaka ya mwisho ya vita vile serikali iliwakusanya wafugaji kwenye vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, na mifugo ilikufa au iliuawa kwa maelfu. Ripoti ya tume ya ukweli, haki na maridhiano ya mwaka 2013 ina kurasa juu ya hayo. Mimi nilikuwa na ripoti hiyo kichwani, na haikunisaidia kitu. Mwenye kibanda aligeuka akaanza kupangusa birika lililokuwa safi.

Mzee alikunywa chai.

"Mimi nilibeba maji," alisema. "Na unga." Akaweka kikombe chini. "Na watu pia nilibeba. Kuwapeleka huko."

"Ulibeba watu."

"Wamama na watoto. Wazee. Lori lilijaa."

Nilingoja dereva asimame. Sikujua ningesema nini kama angesimama, na nashukuru sikusema asante wala pole, maana hakuna lililokuwa langu. Dereva alivuta chapati yake karibu.

"Mlipita njia gani?"

"Ya juu. Ya chini ilikuwa na mabomu."

"Ya juu siku hizi imekatika penye lagha."

"Penye lagha gani? Kuna mbili."

Dereva akasogeza sukari na chumvi ziwe zile lagha, mikondo ya mito mikavu, akaweka kijiko katikati kuwa barabara. Mzee akakipindua kijiko, akasema siyo, kilima kiko huku. Wakabishana juu ya kilima. Dereva akauliza kama kwenye safari zile waliwapa watu maji, mzee akasema safari mbili ndiyo, moja hapana, pipa lilikuwa limetoboka. Akasema ile moja anaikumbuka kuliko zote. Dereva akaitikia kwa kichwa, akauliza ile moja ilikuwa mwezi gani. Mzee akafikiri, akasema Machi au Aprili, kabla ya mvua. Dereva akatoa simu, akaniuliza mimi, ambaye alikuwa amenisahau, kama kalamu yangu inaandika, akanitaka niandike mwezi huo na jina la mahali lori liliposhusha, atampigia mama yake jioni.

Niliandika. Nilipolipa chai na kuinuka kuwahi matatu ya Makindu, walikuwa wamefika Wajir, wanabishana kama maji ya visima vyake yana chumvi au ni magadi, na mzee alikuwa ameshaagiza chai nyingine mbili.